Mama Aliyegeuka Mlangoni: Ushauri Nasaha Ulikotoka

SEHEMU YA 1: OFISI YA WATOTO

Wiki hii siandiki kuhusu homa ya mtoto wala uji wa lishe. Naandika kuhusu wewe uliyembeba. Na nitapita njia ndefu kidogo, njia ya historia, maana nikikwambia tu "dada, nenda kapate ushauri nasaha" najua utanijibu: nesi, mimi sijafika huko, mimi sio wa Mirembe. Kwa hiyo nivumilie. Nimekigawa kisa vipande vipande, soma ukiwa unanyonyesha.

Tunaanzia Marekani, mji wa Rochester, jimbo la New York. Mwaka 1928 kijana wa miaka 26 anaitwa Carl Rogers alipata kazi kwenye shirika la kuzuia ukatili kwa watoto. Kazi yake ilikuwa kuwapima na kuwasaidia watoto walioshindikana: watoro wa shule, wadokozi, wagomvi, wengine waliotupwa na ndugu zao. Alikaa hapo miaka 12.

Huyu Rogers alizaliwa 1902 karibu na Chicago, mtoto wa 4 kati ya 6, kwenye nyumba ya dini kali. Karata hapana, pombe hapana, dansi hapana, hata soda ilitazamwa kwa jicho baya. Akiwa na miaka 12 familia ikahamia shambani. Chuo alianza kusoma kilimo, akahamia historia, mwaka 1922 akapelekwa China kwenye mkutano wa vijana Wakristo, akarudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo. Akaingia chuo cha wachungaji New York. Hakumaliza. Chuo cha ualimu cha Columbia kilikuwa ng'ambo ya barabara tu, akavuka, akaanza kusoma saikolojia. Yaani ukimwangalia, ni mtu aliyejaribu milango kadhaa kabla hajaona wa kwake.

Sasa siku moja akaja mama na kijana wake wa kiume. Kisa hiki Rogers alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Mtoto alikuwa mkorofi kupindukia. Mama alikuwa mwelewa, anayejieleza vizuri. Na Rogers, kwa elimu ya wakati ule, alishajua jibu kabla mama hajamaliza kuongea: huyu mama alimkataa mtoto tangu mdogo, na ukorofi ndio matunda yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kumfanya mama alione hilo. Wiki baada ya wiki anamchokonoa taratibu, anaunganisha alichosema leo na alichosema wiki iliyopita, anamwonyesha. Mama haoni. Mwisho Rogers akanyoosha mikono. Akamwambia, mama, naona tumejaribu wote wawili na hatujafika popote, bora tuishie hapa. Mama akakubali. Wakapeana mikono, akaelekea mlangoni.

Pale mlangoni akageuka. Akauliza kama kwenye ofisi ile huwa wanapokea na watu wazima. Akajibiwa ndiyo. Akasema basi, yeye anaomba msaada. Akarudi kwenye kiti kilekile alichotoka kukiacha na akaanza kumwaga: ndoa yake, mume wake, alivyojiona ameshindwa kila kitu, alivyochanganyikiwa. Hakuna hata kimoja kilichofanana na yale maelezo makavu aliyokuwa akiyatoa wiki zote kuhusu mtoto. Rogers alisema tiba ya kweli ilianza hapo. Mama alisaidika sana, na kijana naye akatulia.

Ngoja nisimame kidogo hapa. Angalia kliniki zetu. Unakuja na kadi ya mtoto, tunampima uzito, tunachora mstari kwenye kadi, tunachanja, tunakuuliza ananyonya mara ngapi, anapata choo vipi. Unajibu yote kwa ufasaha. Halafu unabeba mfuko wako unaondoka. Nani aliyekuuliza wewe umelalaje? Na nina hakika kabisa kwamba kila siku ya kliniki kuna mama mmoja au wawili wanaofika mlangoni, wanataka kugeuka, wanaona foleni ilivyo ndefu, wanaacha.

SEHEMU YA 2: MTU MWENYEWE NDIYE ANAJUA PANAPOUMA

Tuendelee. Alichojifunza Rogers kwa yule mama ni jambo dogo lililomsumbua maisha yake yote: kwamba mwenye shida ndiye anayejua panapouma, na ndiye anayejua pa kuanzia. Mtaalamu akishika usukani anaweza kumpeleka mtu mahali ambapo wala hapamhusu. Halikuwa wazo lake peke yake. Mwaka 1936 alikuja Rochester mzee mmoja kutoka Vienna, Otto Rank, aliyewahi kufanya kazi na Freud kisha wakatengana, akawafundisha wafanyakazi wa pale kwa siku chache. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wengi wao wanawake, walikuwa tayari wanaifanya kazi kwa namna hiyo ya kumfuata mwenye shida. Rogers alikiri kwamba aliokota mengi kwao. Nalisema hili kwa sababu historia hupenda kumtaja mwanaume mmoja na kuwasahau akina dada waliokuwa wanapanda ngazi za nyumba za watu kila siku.

Mwaka 1940 Rogers akaenda kufundisha chuo kikuu cha jimbo la Ohio. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo alitoa hotuba chuo kikuu cha Minnesota, na mwenyewe alikuja kuihesabu hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa njia yake. Minnesota walikuwa wanajulikana kwa namna yao: mwanafunzi mwenye shida anakaa, anapimwa kwa mitihani, anaambiwa cha kufanya. Rogers akasimama mbele yao akasema mtindo wa kuagiza na kutoa mawaidha umepitwa na wakati. Unaweza kufikiria ukumbi ulivyochemka.

Mwaka 1942 kikatoka kitabu chake. Humo kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya: mazungumzo ya mshauri na mtu mmoja, vikao 8 vizima, yamechapwa neno kwa neno. Waliyarekodi kwenye sahani za santuri, zile za zamani, ambazo upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo mtu anakaa pembeni anageuza na kubadilisha sahani kikao kizima. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu kabla ya hapo kilichotokea chumbani kilibaki chumbani. Mtaalamu alikuwa anatoka na kusimulia alivyofanya vizuri, na nani angembishia? Rogers na wanafunzi wake walianza kusikiliza tena na kuhesabu: mshauri kaongea mara ngapi, kamkatisha mtu wapi, baada ya ushauri ule mtu kanyamaza au kafunguka.

Kuna la majina pia. Enzi hizo Marekani, kutibu akili kwa mazungumzo lilikuwa eneo la madaktari, na wanasaikolojia walikuwa wanagombezwa wakisogea. Jina la "ushauri" liliwapa nafasi ya kufanya kazi. Na yule anayekuja hakumwita mgonjwa. Alimwita mteja. Sisi hospitalini siku hizi tunasema "mteja" kila mahali, mpaka kwenye mabango, na wengi wanadhani ni neno la biashara. Sehemu ya historia yake inapita hapo: mtu amekuja kwa hiari yake, anajua anachotaka, hajaja kulazwa chali.

SEHEMU YA 3: ANAFANYA NINI HASA HUYO MSHAURI?

Hili ndilo swali mnaloniuliza sana. Kama hanipi dawa wala haniambii cha kufanya, nakwenda kufanya nini?

Mwaka 1945 Rogers alihamia chuo kikuu cha Chicago, akaanzisha kituo cha ushauri. Mwaka 1957 aliandika makala ambayo mpaka leo inafundishwa. Ukiichuja inabaki na mambo matatu kwa upande wa mshauri. La kwanza, awe mkweli, asivae uso wa kazi. La pili, amkubali mtu bila masharti. Hii haina maana kwamba anakubaliana na kila unachofanya. Maana yake ni kwamba heshima yake kwako haipandi ukifanya vizuri wala haishuki ukikiri kwamba juzi ulimfinya mtoto kwa hasira ukalia. La tatu, ajitahidi kuyaona mambo kwa macho yako wewe, na akuonyeshe kwamba ameyaona, ili ukikuta amekosea umsahihishe.

Inaonekana rahisi. Jaribu leo kumsikiliza mdogo wako dakika 10 bila kusema "mimi ningekuwa wewe". Utaona kazi yake.

Katikati ya miaka ya 1960 ilitengenezwa filamu ya kufundishia. Mama mmoja kijana aliyeachana na mumewe, anaitwa Gloria, alikaa na washauri watatu mashuhuri kwa zamu, kila mmoja na mtindo wake, Rogers akiwa mmojawapo. Swali la Gloria linaweza kuwa la mama yeyote wa Tabata au Mbagala: ana binti wa miaka 9, na binti amemuuliza kuhusu maisha yake na wanaume. Amejibu uongo. Uongo unamkaba. Anataka Rogers amwambie: nimwambie ukweli au itamharibu? Anambana hasa, anataka jibu. Rogers hampi. Anabaki naye kwenye lile swali, anamrudishia anachosikia, mpaka Gloria mwenyewe anaanza kuona kwamba kinachomtesa sio binti kujua, ni yeye mwenyewe kutojikubali. Waliosoma ushauri dunia nzima wameitazama filamu ile. Wapo wanaosema Rogers alikuwa mpole mno, na mimi kuna mahali naona kweli angeweza kumpa hata maneno mawili ya kushika. Lakini nimeangalia sana uso wa Gloria. Ni uso wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza hajakatishwa.

Na hili la mwisho kwenye sehemu hii, kwa wale wanaoona aibu. Kuelekea mwaka 1950, Rogers akiwa profesa, jina limeshakuwa kubwa, alimhudumia mwanamke mmoja aliyekuwa na hali nzito. Kidogo kidogo akazidiwa. Alifika mahali akashindwa kutofautisha yeye anaishia wapi na yule mteja anaanzia wapi, akahisi naye anarukwa na akili. Akamkabidhi mteja kwa mwenzake, akatoka mjini na mkewe Helen, wakakaa mbali miezi miwili mitatu. Aliporudi bado hajawa sawa. Akaenda kwa mmoja wa wenzake waliokuwa chini yake kazini, akaketi kwenye kiti cha mteja. Hakulificha hilo. Mwenye njia mwenyewe ndiye aliyeihitaji.

SEHEMU YA 4: NENO "NASAHA" LILIVYOTUCHANGANYA

Sasa turudi kwetu.

Wengi wetu maneno "ushauri nasaha" tuliyasikia kwanza kwenye UKIMWI. Ugonjwa uligunduliwa Tanzania mwaka 1983, mkoa wa Kagera. Miaka ile hapakuwa na dawa ya kuupunguza. Mtu akipimwa unampa majibu, halafu? Hapo ndipo watu wa kwetu walipolazimika kubuni kitu cha kumpa mtu wakati huna cha kumpa. Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa viungo wa hospitali ya Mulago, alimzika mumewe Christopher, na mwaka huohuo yeye na kundi dogo la watu, wengi wakiwa na virusi, wakaanzisha TASO. Walianza kwa kukutana, kuongea, kulia, kunywa chai. Baadaye wakafundisha washauri kwa utaratibu. Dar es Salaam mwaka 1989 ikaanzishwa WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, Theresa Kaijage akiwa mwanzilishi. Hawa hawakusubiri Rogers aje awafundishe. Ila mafunzo ya ushauri yaliyosambaa Afrika Mashariki miaka ile yalibeba mambo yaleyale: siri, kutomhukumu mtu, kusikiliza kabla ya kusema.

Halafu likatupata tatizo la lugha, na naomba mnisikilize maana naliona kila siku. Ushauri ni kumpa mtu shauri. Nasaha ni mawaidha. Kwa hiyo kitu ambacho kiini chake ni kutokumpa mtu mawaidha, sisi tumekipa jina linalosema mawaidha mara mbili! Mteja anakuja anasubiri kuambiwa. Mhudumu naye, kwa kuwa jina linamruhusu, anaambia. Kwenye kliniki za wajawazito "ushauri nasaha" mara nyingi ukawa hotuba kwa akina mama 30 kwenye mabenchi: pima, meza, nyonyesha hivi, usifanye vile. Hotuba ile ina faida yake, imeokoa watoto wengi, siidharau. Lakini sio kile.

Na tusisingizie jina peke yake. Sisi ni watu wa kufundwa. Pwani kulikuwa na somo na kungwi, kila kabila lina shangazi au bibi wa kazi hiyo, na siku hizi kuna kitchen party na MC wake. Binti anakaa katikati, mawaidha yanashushwa, na neno kuu ni moja: vumilia. Nampenda sana somo wa zamani, maana hakuishia kwenye mawaidha. Alikuwa mtu wa siri, binti aliweza kumrudia baada ya harusi akamwambia ukweli wa chumbani. Kipande hicho cha kurudi na kusema ndicho tunachokipoteza mijini. Mawaidha yamebaki, sikio limeondoka.

SEHEMU YA 5: MANESI WA EDINBURGH, NA MWALIMU WAO ALIYEPITA UGANDA

Sehemu hii ndiyo niliyokuwa naingoja, maana inatuhusu sisi manesi na inawahusu wazazi moja kwa moja.

Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifundisha chuo kikuu cha Makerere. Alifanya utafiti kwa wanawake wa maeneo ya karibu na Kampala, 263, akichunguza hali ya akili wakati wa ujauzito. Wakati ule wazungu wengi waliamini kwamba huzuni ya uzazi ni ugonjwa wa kwao, kwamba mama wa Kiafrika mwenye ndugu wengi haupati. Cox aliukuta. Akakuta pia kwamba Waganda walikuwa na jina lao la kale, amakiro, ugonjwa wa mzazi anayechanganyikiwa baada ya kujifungua hata akaweza kumdhuru mtoto. Watu waliuhusisha na uzinzi wakati wa mimba. Ona mzigo huo: umeugua, na ugonjwa wenyewe ni ushahidi kwamba ulikosa! Hata leo, kwa majina mengine, nimewasikia wakwe wakinong'ona vivyo hivyo kwenye korido.

Cox akarudi Uingereza, na Edinburgh, huko Uskoti, yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakatengeneza dodoso la maswali 10, likatoka mwaka 1987. Linauliza kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? umejilaumu bila sababu? umeogopa bila sababu? Halina swali la uchovu wa mwili, kwa makusudi, maana mzazi gani hajachoka? Swali la 10 linauliza kama umewaza kujidhuru. Dodoso hili limetafsiriwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Lakini ukishamjua mama ana sonona, unamfanyia nini? Edinburgh waliwachukua manesi wanaotembelea wazazi nyumbani, manesi wa kawaida kabisa, wakawapa mafunzo mafupi ya kusikiliza kwa njia ya Rogers. Kisha wanawake 50 waliokutwa na sonona wakagawanywa. Kundi moja lilitembelewa na nesi mara moja kwa wiki, wiki 8, anakuja kumsikiliza mama. Sio kumpima mtoto. Kundi la pili likaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Waliosikilizwa walikuwa 26, wakapona kabisa 18, yaani asilimia 69. Wa huduma ya kawaida walikuwa 24, wakapona 9, asilimia 38.

Soma tena hizo namba taratibu. Mwanamke anakaa sebuleni kwake, nesi anakaa naye, hana sindano wala kidonge, wiki 8.

Wanawake 50 ni wachache, utasema, na ni kweli. Ndiyo maana baadaye England walifanya utafiti mkubwa, vituo 101 vya madaktari, zaidi ya wanawake 4,000, matokeo yakatoka 2009. Safari hii manesi wengine walifundishwa njia ya Rogers, wengine njia ya kuchunguza na kubadili mawazo yanayomwangusha mtu, na wengine waliendelea kama kawaida. Kati ya akina mama walioonekana na dalili wiki 6 baada ya kujifungua, walipofika miezi 6 bado asilimia 46 ya wale wa huduma ya kawaida walikuwa na dalili. Kwa wale wa manesi waliofundishwa ilikuwa asilimia 34. Na njia zile mbili? Hazikupishana. Mimi nilipolisoma hili nilicheka kidogo, maana wataalamu wamegombana miaka mingi ipi ni bora, na mama yeye alichohitaji ni mtu aliyefundishwa kukaa naye.

Cox aliandika pia kwamba jamii za Magharibi zimepoteza mila za kumlea mzazi. Sisi arobaini tunayo bado, mama anapikiwa mtori, anakandwa, anapumzishwa. Itunzeni. Ila mjue inaweza kumbana pia: nyumba imejaa watu siku 40, wote wanamwangalia mtoto, na mama hana kona ya kusema kwamba hamhisi huyu mtoto kama wake.

SEHEMU YA 6: UNAENDA WAPI SASA

Kuna bibi 14 wa Mbare, Harare, siwezi kuwaruka. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alikuwa hana wataalamu, hana majengo, akapewa bibi 14 waliokuwa wanajitolea kwenye afya ya jamii. Akawafundisha, wakakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia mwanangu, hapo hakuna atakayekaa. Likawa benchi la urafiki. Mwaka 2016 matokeo yao yalichapishwa: watu 573, na baada ya miezi 6 waliobaki na sonona ni asilimia 14 kwa waliokaa na bibi, dhidi ya 50 kwa wengine. Njia ya bibi sio ya Rogers tupu, wao wanasikiliza kwanza halafu wanamsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Binafsi naona inatufaa zaidi, maana mama mwenye njaa na kodi ya nyumba hataki kusikilizwa tu. Mabenchi hayo yameshafika Malawi na Zanzibar.

Sasa wewe. Ukienda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, huhitaji kujua majina ya wataalamu. Mwambie nesi yeyote: naomba kuongea na mtu, faragha, ni kuhusu mimi. Hospitali nyingi za wilaya zina ofisa ustawi wa jamii, na za rufaa za mkoa zina kitengo cha afya ya akili. Kliniki za CTC zina watu waliofundishwa ushauri, na wanaweza kukuelekeza hata kama huna virusi. Kama aliyekuhudumia alikukatisha au alikufokea, huyo siye, omba mwingine. Una haki ya kuuliza mapema: nitakayosema yanaishia wapi? Mshauri mzuri atakwambia ni siri, na atakwambia pia ni wapi siri inaishia, mfano kama maisha yako au ya mtoto yako hatarini.

Ukimsindikiza mkeo au dada yako, msindikize mpaka mlangoni, kisha kaa nje. Usiingie kumsaidia kujieleza.

Na kuna hali ambazo maneno peke yake hayatoshi. Rogers mwenyewe kuanzia 1957 alijaribu njia yake Wisconsin kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa, na matokeo hayakuwa kama alivyotarajia. Kwa hiyo mzazi akianza kusikia sauti, kuona visivyoonekana, kukesha siku kadhaa bila kuhisi usingizi, kusema mtoto si mtu wa kawaida au kwamba lazima afe, au akizungumzia kujiua, hiyo ni dharura kama kutoka damu. Usimwache peke yake na mtoto, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Inatibika, na dawa nyingine anaweza kutumia huku akinyonyesha, daktari atamchagulia.

Msisubiri aombe ruhusa kwa mama mkwe.

Jumamosi nitaandika kuhusu akina baba baada ya mtoto kuzaliwa, maana nao wanaanguka, ila wao wanaonekana wamekuwa wakali au wamehamia baa. Mke anayetaka mumewe asome, amwekee simu karibu na chakula.